Akidi ya Wafu

Vijana wawili wa Baraza walinijia nyumbani kwangu, mtaa wa Mutanga Nord, wamevaa suti za rangi moja, wakaniomba niwaandikie kurasa mbili juu ya mchango wa mabaraza ya taaluma katika kuliponya taifa baada ya msiba. Walikuwa wanaandaa kijitabu cha maadhimisho. Niliwauliza kama wanataka mchango uliokuwepo au uliopaswa kuwepo. Mmoja akacheka, akidhani natania. Nikawaandikia kurasa zao. Wakazipokea kwa mikono miwili, wakashukuru sana, na kijitabu kilipotoka nikakuta mahali pangu pamewekwa picha ya Mwenyekiti wa zamani akikata utepe. Basi sasa naandika kwa urefu nitakao. Naandika kwa Kiswahili, lugha niliyokulia nayo mtaani Buyenzi, kwa sababu mihutasari yetu yote iliandikwa kwa Kifaransa, na Kifaransa kile kilikuwa kizuri mno kwa mambo yaliyofunikwa nacho.

Nilikuwa Katibu wa Baraza lililosimamia madaktari, wafamasia, wakunga na wauguzi. Mimi si daktari. Wizara iliniazima kwa Baraza kwa muda mfupi, ikanisahau huko hadi nikastaafu. Sikuwa na kura. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa, kutunza sajili na kupeleka barua. Anayeidharau kazi hiyo hajawahi kuishi katika nchi ambayo kila mtu anakumbuka kivyake.

Baraza lilikuwa na wajumbe tisa. Ili lisikilize shauri lolote zito, kanuni ilidai akidi ya watano. Ilipofika mwaka wa tisini na tatu, Rais wetu sisi Warundi akauawa na nchi ikaanza kujichinja, wajumbe wetu wawili waliuawa na watatu wakakimbia. Walibaki wanne. Wanne hawawi watano, hata wakiwa wote ni madaktari.

Jambo hilo lilikuwa na dawa. Kanuni iliruhusu mjumbe aliyefariki ajazwe nafasi yake mara moja, mradi cheti cha kifo kiwasilishwe. Katika kikao cha kwanza baada ya msiba, Mwenyekiti alisoma majina. Alikuwa daktari wa watoto, mtu mnene mwenye sauti laini, anayetamka kila neno kana kwamba amelilipia. Alipofika kwenye jina la muuguzi mkuu, aliyeuawa akiwa safarini kwenda kwa wazazi wake mkoani, nilisimama.

"Amefariki, Bwana Mwenyekiti."

"Una cheti?"

"Bwana Mwenyekiti, tulikwenda kuhani. Na wewe ulikuwepo. Ulikaa karibu na mjane."

"Nilikwenda kama rafiki. Hapa nimekaa kama Mwenyekiti. Cheti cha komine kiko wapi?"

"Komine yenyewe imechomwa, ofisi na madaftari yake."

"Basi andika: hakuhudhuria, hakutoa sababu."

Niliomba pingamizi langu liingie katika muhtasari. Likaingia, kwa mstari mmoja. Mhazini, mfamasia mwenye duka la dawa mjini kati na kicheko cha kukohoa, akaniambia, "Katibu, usijali, marehemu hatakata rufaa."

Kwetu msiba haumaliziki siku ya maziko. Mwaka ukizunguka, ukoo, majirani na wakubwa wa kazini hukusanyika kuondoa matanga. Vinywaji hutolewa, maneno husemwa, na kuanzia hapo mjane anaruhusiwa kurudi katika maisha ya watu. Tulipoondoa matanga ya muuguzi mkuu, aliyesimama kuzungumza kwa niaba ya kazi alikuwa Mwenyekiti wetu. Alizungumza vizuri mno. Alimuaga marehemu kwa jina lake lote, akamwambia apumzike, akamwahidi kwamba taaluma haitamsahau. Wanawake walilia. Katika kikao kilichofuata marehemu hakuhudhuria, tena hakutoa sababu.

Nilidhani mwanzoni kwamba ni upumbavu. Nilikosea kuwasifu kwa upumbavu. Mwaka ule wa kwanza yaliletwa mbele yetu malalamiko ambayo hakuna baraza la dunia hii lingependa kuyasikiliza, na hao wanne waliobaki waliona upesi kuliko mimi kwamba wafu wao, wakiachwa walivyo vitini, wangewalinda vizuri kuliko mlinzi yeyote wa geti.

Lalamiko lililokuwa juu ya mengine yote liliandikwa na mkunga mmoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mwislamu wa ukoo wa zamani wa mjini, aliyefanya kazi katika kituo kidogo cha afya huko Gasenyi, mitaa ya kaskazini. Siku za mwanzo za machafuko, kabla kituo hakijachomwa, aliletewa mwanamume aliyekatwa panga begani. Alimfunga vitambaa, akampakia kwenye pikapu ya muuza matofali, akamfikisha kwenye geti la hospitali moja ya mjini. Daktari mpasuaji wa zamu akatoka hadi getini. Hakuuliza jeraha liko wapi. Aliuliza mtu huyu anatoka mtaa gani. Alipoambiwa, alisema hakuna kitanda, akaamuru geti lifungwe. Yule mtu alifia ndani ya pikapu, uso wake umeelekea geti.

Sitaji kabila la marehemu wala la mpasuaji. Mrundi anayesoma ameshajua, na asiye Mrundi hatapungukiwa na kitu.

Mkunga hakuomba mpasuaji afungwe, wala afukuzwe. Alinieleza haya akiwa amesimama mbele ya meza yangu, amejifunga kitambaa chake cha kichwa kwa uangalifu wa mtu aliyekuja ofisini.

"Muzee wangu, mi niko nataka kitu kimoja tu. Mumuite, akae mbele ya wenzake, aulizwe: juu ya nini ulianza na mutaa, kiisha hukufika ku jeraha?"

"Hilo tu, Mama?"

"Ilo tu. Lakini aulizwe na ninyi. Mi nikimuuliza, atasema ni mambo ya wanamuke."

Nililipokea lalamiko, nikaligonga muhuri, nikaliweka katika ajenda. Lilibaki katika ajenda. Kila kikao Mwenyekiti alihesabu waliopo, akainua mabega, akasema kwa masikitiko makubwa kwamba mikono yake imefungwa na akidi. Sijawahi kumwona mtu aliyefungwa mikono akila mishikaki kwa raha kiasi kile baada ya kikao.

Zikaja siku tulizoziita za mji mfu, vijana walipofunga barabara kwa mawe na matairi, na mtu aliyetoka nyumbani alitoka na roho yake mkononi. Mwanamke mwenye uchungu kutoka mitaa ya kaskazini hakuweza kufika hospitali za mjini. Kituo cha Gasenyi kilikuwa kimekwisha kuwa majivu na bati zilizojikunja. Mkunga wetu akahamia mtaa wa Cibitoke kwa shemeji yake, seremala, akasafisha vyumba viwili vya karakana, akaanza kuzalisha humo. Habari zikaenea. Watu wa pande zote mbili walimletea wake zao, maana mtoto akianza kutoka hakuna anayeulizia mtaa, isipokuwa tuseme yule mpasuaji.

Na ni yule mpasuaji aliyetuletea lalamiko la pili. Kwa karatasi nzuri na maneno mapole, alilifahamisha Baraza kwamba mkunga fulani anafanya kazi katika jengo lisilosajiliwa, jambo linalohatarisha akina mama na kushusha heshima ya taaluma.

Hapa msomaji anivumilie kwa kanuni moja tu. Mashauri mazito yalidai akidi ya wajumbe watano. Lakini mambo madogo, kama jengo lisilo na kibali, yaliweza kuamuliwa na ofisi ya Baraza, yaani Mwenyekiti na Mhazini peke yao. Kumfungia geti mtu anayevuja damu lilikuwa jambo zito, kwa hiyo halikusikilizwa. Kuzalisha katika karakana ya seremala lilikuwa jambo dogo, kwa hiyo likasikilizwa mara moja.

Hawakumpelekea wito wa maandishi. Mhazini alimtumia neno kwa mdomo, kupitia mteja wake: aje, Baraza linamhitaji. Mkunga akaja. Alivaa kitenge kipya na viatu vya kufunika, akaniambia kwenye ujia, uso umechangamka, "Alhamdulillahi, muzee wangu. Wamefika watano?"

Sikupewa nafasi ya kumjibu. Mlango ulifunguliwa.

"Karibu, Mama, kaa," alisema Mwenyekiti. "Tumeambiwa uko nazalisha. Unazalishia wapi?"

Aliwatazama, akatazama viti vitupu. "Ku Cibitoke. Mu nyumba ya shemeji."

"Nyumba hiyo iko na kibali?"

"Iko na mulango."

Mhazini akakohoa kicheko chake. "Na maji?"

"Napewa na jirani. Nachemusha."

"Na meza ya kuzalishia?"

"Shemeji ni seremala, dogiteri. Alinitengenezea. Iko nzuri kupita hii yenu, yenu iko nayumba."

Ilikuwa kweli, meza yetu ilikuwa imewekewa kipande cha karatasi chini ya mguu. Mwenyekiti akaondoa kiwiko chake juu yake.

"Mama, hatuko hapa kwa mzaha. Taaluma ina heshima yake. Nchi iko katika msiba, na katika msiba ndipo kanuni zinapaswa kushikwa zaidi."

"Na kesi yangu? Ya mutu wa ku geti?"

"Hiyo bado. Akidi haijatimia."

"Akidi njo ile ya watano?"

"Wajumbe watano. Sisi ni wawili tu."

"Kumbe. Mi munanihukumu mukiwa wawili, yeye munamungojea mufike watano. Wallahi, ningejua ningekuja na watu watatu kutoka Cibitoke, ningewaazima."

Mimi niliandika. Mwenyekiti aliniagiza nisiandike sentensi ya mwisho. Nilimjibu kwamba naandika yaliyosemwa, si yanayopendeza, na kama anataka yafutwe aniagize kwa maandishi. Hakuniagiza kwa maandishi. Watu wa aina yake hawaagizi kwa maandishi.

Wakamsimamisha kazi mwaka mmoja. Alipokwisha kutoka, Mhazini alijinyoosha, akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kula, "Na lile faili jingine linajifunga lenyewe. Aliyesimamishwa hana haki ya kulalamika mbele ya Baraza. Si ndivyo, Katibu?"

Ndivyo. Kanuni ilisema hivyo. Kuanzia siku ambapo adhabu ingeanza, lalamiko la mkunga dhidi ya mpasuaji lingeondolewa mezani, na swali lake halingeulizwa kamwe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba karakana ya seremala haikumwudhi mtu yeyote. Walikuwa wamesafiri safari ndefu, kupitia vibali na maji ya jirani, ili wafike kwenye lile faili la geti na kulizima bila kulifungua.

Kupeleka maamuzi ilikuwa kazi yangu, na kazi yangu nimeifanya daima kama ilivyoandikwa. Kanuni ilisema hivi: adhabu huanza siku mhusika anapotia sahihi ya kupokea, kwenye anwani ya kazi iliyomo katika sajili; asipokuwepo, barua ibandikwe mlangoni na jirani atie sahihi kuwa ameona. Nilifungua sajili. Anwani ya mkunga ilikuwa kituo cha afya, Gasenyi.

Nikaenda Gasenyi, mchana kweupe, na tai shingoni. Kwenye kizuizi cha mwisho askari walikuwa wanachezea kofia ya mwenzao. Mkubwa wao akanisimamisha.

"Muzee, unaenda wapi na tai?"

"Kupeleka barua ya Baraza kwenye kituo cha afya."

"Kituo gani? Kule iko mavi ya mbuzi tu."

"Basi nitabandika karibu na mbuzi."

Wakacheka hadi mmoja akaegemea gunia la mchanga. "Acheni muzee apite! Iko napelekea mbuzi barua!" Wakanipitisha kwa heshima ambayo sikuipata ofisini kwa miaka yote.

Mlango haukuwepo, ila mhimili mmoja ulikuwa umesimama. Nikabandika barua hapo. Nikatafuta jirani wa kutia sahihi. Kushoto palikuwa na ukuta uliobomoka, kulia palikuwa na shamba lililoota magugu, na hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikarudi, nikaandika taarifa yangu: barua imebandikwa mahali pa kisheria, jirani hakupatikana, sahihi hakuna, kwa hiyo adhabu haijaanza.

Sikufanya hivyo kwa huruma, na sitaki kusifiwa kwa huruma. Kama mtu aliyezikwa mbele ya macho yetu hawezi kufa bila cheti, basi mtu aliye hai hawezi kuadhibiwa bila jirani.

Mwenyekiti aliniita. Sauti yake laini ilikuwa imepasuka pembeni.

"Unajua vizuri kwamba huyo mwanamke yuko Cibitoke!"

"Ninajua kama mtu, Bwana Mwenyekiti. Hapa nimekaa kama Katibu."

Nilimwona akiyatambua maneno yake mwenyewe, na hayakumpendeza.

"Basi badilisha anwani katika sajili, umpelekee huko."

"Kubadili sajili ni uamuzi wa Baraza zima. Akidi ni watano."

"We muzee uko nanichezea."

"Namsubiri muuguzi mkuu atoe sababu, Bwana Mwenyekiti. Akitoa tu, tutakuwa watano."

Hakunifukuza, kwa kuwa kunifukuza nako kulihitaji akidi. Alinihamishia chumba kisicho na dirisha, akaninyima salamu. Mkunga hakusimama kazi hata siku moja. Nilimweleza mambo yalivyo; akasikiliza, akauliza jambo moja tu.

"Kwa iyo kesi yangu iko juu ya meza?"

"Iko juu ya meza, Mama."

"Iache apo."

Vita viliendelea. Wanasiasa walikwenda Arusha wakarudi, wakaenda tena. Mwishowe mikataba ikatiwa sahihi, pesa za wafadhili zikaanza kunusa njia, na mabaraza yote yakaagizwa yajipange upya, maana mfadhili hampi fedha mjumbe asiyetoa sababu. Vyeti vya vifo ambavyo havikuwezekana kwa miaka sasa vikapatikana kwa majuma machache. Wafu wetu wakafa. Kati ya nafasi zilizotangazwa, moja tu ilijazwa kabla ya kikao cha kwanza, ili tufike watano na tuweze kuidhinisha bajeti ya semina. Aliyeteuliwa alikuwa yule mpasuaji.

Niliandaa ajenda mwenyewe. Lalamiko la mkunga lilikuwa la kwanza, kwa kuwa lilikuwa la zamani kuliko yote, na nilimpelekea taarifa Cibitoke kwa mkono wangu. Taarifa ya kikao haina masharti ya anwani. Alikuja. Alikuwa amezeeka, na goti moja lilimsumbua. Akakaa kwenye benchi la ujiani.

Mwenyekiti, ambaye bado alikuwa Mwenyekiti, alihesabu watano. Akidi ilitimia. Nikasoma shauri la kwanza. Mpasuaji akasimama kwa adabu kubwa, akasema kwamba kwa kuwa yeye ndiye anayelalamikiwa, dhamiri na kanuni zinamtaka atoke nje. Akatoka. Mwenyekiti akahesabu tena. Wanne.

"Inasikitisha," alisema. "Akidi imevunjika. Shauri linaahirishwa."

Mhazini alikohoa. Nilisimama nikasema kwamba jambo hili ni aibu, nikaomba neno hilo liandikwe. Na kwa kuwa mwandishi nilikuwa mimi, niliandika. Kisha nikaenda kufungua mlango ili kumrudisha mjumbe kwa ajili ya bajeti.

Ujiani palikuwa na benchi moja tu. Mpasuaji alikuwa amekaa upande mmoja, amekunja mguu, na mkunga upande wa pili. Sidhani mpasuaji alikuwa amemtambua hadi mkunga alipozungumza.

"Dogiteri."

"Mama, habari."

"Mi ni yule wa ku geti. Na pikapu ya matofali." Hakupandisha sauti. "Juu ya nini uliuliza mutaa kabla ya jeraha?"

"Mama, ilikuwa vita. Kila mutu alikuwa na woga."

"Sikukuuliza ilikuwa nini. Nimekuuliza juu ya nini ulianza na mutaa."

Mpasuaji alinitazama mimi, nikiwa nimeshika kitasa, kama mtu anayetafuta nani atamwokoa. Nilikuwa nimekuja kumwita, na kwa kanuni nilipaswa kumwita mara moja. Sikumwita. Niliuacha mlango wazi, na ndani wote wanne walikuwa wanasikia. Akatazama viatu vyake. Mkono wake ulitafuta mfuko wa koti, ukakosa, ukatafuta tena.

"Sijui," alisema mwishowe, chini kabisa.

Mkunga aliendelea kumwangalia, kama anayengoja kuona kama kuna kingine nyuma ya neno hilo. Hakukuwa na kingine. Akajiinua kwa kushika ukuta, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

"Muzee wangu, kesi iondoe ku meza," aliniambia. "Mi nilitaka ninyi mumuulize, mumekataa. Nimeuliza mwenyewe. Kuko mwanamuke nimemuacha na uchungu."

Akashuka ngazi polepole, goti likimchelewesha. Mwenyekiti aliita kutoka ndani kwamba yaliyosemwa ujiani si sehemu ya kikao na yasiandikwe. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile alikuwa sahihi kikanuni, na sikuyaandika katika muhtasari. Nimeyaandika hapa.